Picha Alizonisimulia Shangazi

Nilichoka na historia ya sanaa kabla sijaijua. Hilo nalisema wazi, maana watu wakisikia nilisoma sanaa shuleni hudhani nilikuwa nikikaa kivulini na brashi, nikichora minazi. Kuchora nilijua. Mtihani wa vitendo haukunitia wasiwasi hata kidogo. Kilichonitoa jasho ni ule mtihani wa kuandika: Wamisri walichonga hivi, Wayunani wakachonga vile, kisha Wazungu wa mahali fulani wakaamka siku moja wakaanza kuchora upya, na wewe mtoto wa Mkongani ueleze kwa nini.

Mwaka huo, ule uliofuata mvua kubwa za El Nino, nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa pale Ukunda. Baba alikuwa Mkongani na mahindi yake na mikorosho yake, nami nilikaa kwa shangazi, dada yake baba, nyuma ya uwanja wa ndege. Shangazi alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Mume alishaachana naye zamani, mtoto hakujaliwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa nyumba, wa kutumwa na wa kupakuliwa.

Palikuwa na chuo cha ufundi Mombasa kilichofundisha uchapaji na uchoraji wa matangazo. Nilikitaka chuo hicho kuliko kitu chochote. Walitaka B ya sanaa, B kamili, masomo mengine hawakuyajali sana. Baba alikuja mpaka Ukunda kunipa neno lake, akalisema mbele ya shangazi: nikipata B nitakwenda Mombasa, nisipoipata nirudi Mkongani nishike jembe, na habari za kurudia kidato asizisikie. Baba yangu akishasema hivyo, basi. Na katika mtihani wa majaribio nilikuwa nimepata alama nzuri ya kuchora na alama ya aibu ya historia.

Lawama zote si zangu. Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa mwalimu wa kilimo. Mwenye somo alihamishwa, hakuletwa mwingine, na huyu bwana wa bara, Mkristo mpole ambaye wazazi wake walipata shamba huku pwani, akabandikwa sisi juu ya mbolea na ng'ombe wake. Tulikuwa wanafunzi watatu tu. Alitukabidhi notsi alizoziacha yule aliyeondoka, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Maneno yalisomeka kwa taabu. Picha hazikusomeka kabisa, zote zilikuwa madoa meusi.

"Mwalimu, huyu ni mtu au ni mti?" nilimwuliza siku moja.

Akaigeuza karatasi juu chini, akaisogeza dirishani, akavua miwani. "Kijana, mimi mwenyewe sijawahi kuiona hiyo picha. Wewe soma maelezo bwana, wacha mchezo."

Nikasoma maelezo. Nilisoma asubuhi kabla ya kengele, nilisoma wenzangu wakienda kucheza mpira, nilisoma mpaka herufi zikaanza kutambaa. Kukariri sifa za kitu usichowahi kukiona kunachosha kupita kulima. Ukilima angalau unaona ulipofika. Mimi nilikuwa nikisema kwa moyo, mwanga unatoka upande mmoja, mwanga unatoka upande mmoja, na mbele yangu doa.

Mwisho wa mwezi wa saba shangazi alirudi kazini akiwa na habari. Katika rumu moja ya juu, wazee wawili wa Kizungu walikuwa wamerudi kwao wakasahau kitabu chini ya kitanda.

"Kizito, mwanangu, ukikiangusha chavunja mguu," alisema. "Picha tupu, ukurasa kwa ukurasa. Watu wa kale, makanisa, masanamu. Nikasema lo, si haya haya yanayomtesa mtoto?"

Niliruka. "Kiko wapi?"

"Kiko wapi! Wataka nifukuzwe?"

Ilikuwa hivi. Kitu alichokisahau mgeni kilipelekwa ofisini kwa hauskipa, mkubwa wa wasafishaji, kikaandikwa, kikafungiwa kabatini miezi sita. Mwenyewe asipokiulizia, aliyekiokota alipewa kiwe chake, pamoja na karatasi ya kumwonyesha askari wa getini. Bila karatasi hiyo hutoki hata na kipande cha sabuni. Shangazi alishawaona wenzake wawili wakiondolewa kazini kwa sababu ya taulo. Nikahesabu vidoleni. Miezi sita ingefika mwezi wa kwanza, na mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Nilikaa chini kwenye kibaraza. Shangazi akanitazama. Kesho yake alimwendea hauskipa, mwanamke wa Msambweni waliyejuana tangu ujana, akamwomba ruhusa ya kukitazama kile kitabu saa ya chakula cha mchana, pale pale ofisini, mikono ikiwa mikavu. Akakubaliwa. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi, shangazi yangu alikuwa akila wali wake upesi upesi kisha anakaa kwenye kiti cha ofisi kutazama picha za Ulaya, ili jioni aje kunisimulia.

Alikuwa akirudi saa kumi na nusu, jua lingali kali. Rumu kumi na sita kwa siku: kitanda, choo, sakafu, kioo. Akifika humkuti na neno ila "marahaba" ya kuitikia shikamoo yangu. Anaketi kibarazani, namletea beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, anatumbukiza miguu, anafumba macho. Halafu anasema, macho yamefumbwa vile vile, "Haya, andika upesi, nisije nikasahau."

Jamani, alivyokuwa akisimulia! Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo. Shangazi aliishia darasa la saba, na lugha ya kitabu hakuijua hata herufi, lakini alikuwa na jicho la mtu aliyekaguliwa kazi yake maisha yote. Yeye picha aliiingia kama rumu. Alianza na sakafu, akaenda ukutani, akaenda dirishani, watu akawaacha mwisho.

"Leo nimemwona mwanamke anamimina maziwa," alisema siku moja. "Chumba kina dirisha moja, liko kushoto, mwanga waingia hapo tu. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika, hawajatengeneza. Ukutani pana misumari, na mmoja umeng'oka, tundu limebaki. Chumba hicho hakijapakwa chokaa siku nyingi. Lakini mwanamke ni msafi. Mikono ya nguo ameikunja, mtu wa kazi huyo."

Nikalitafuta doa langu. Mwanga wa upande mmoja. Dirisha, kushoto. Nikalitazama doa tena na kwa mara ya kwanza nikaona bega, nikaona jagi. Nilitaka kulia, wallahi, kwa kuona jagi.

Tulikwenda hivyo, doa kwa doa. Mashuka aliyahukumu bila huruma. Palikuwa na picha ya mgonjwa kitandani, akasema mtandikaji wa kitanda hicho angefukuzwa siku hiyo hiyo. Palikuwa na karamu ya mfalme, yeye akanipa habari za kitambaa cha meza, mikunjo yake ilivyobaki kuonyesha kuwa kimetoka kabatini sasa hivi. Mimi nikaandika. Mwalimu aliposahihisha insha yangu moja alinisimamisha nje ya stoo ya majembe.

"Hii ya tundu la msumari umeitoa wapi?"

"Kwa shangazi, mwalimu."

"Shangazi yako alisomea wapi mambo haya?"

"Rumu za juu, mwalimu."

Alicheka, akaniandikia alama ambayo sikuwahi kuipata. Nikaanza kuamini kuwa Mombasa nitafika. Hapo ndipo nikaacha kutilia shaka chochote kilichotoka kinywani mwa shangazi.

Na labda ningetakiwa kutilia shaka, maana kuna mahali simulizi zake zilikuwa zikiruka. Alikuwa anatoka ukurasa mmoja anaangukia mwingine wa mbali. Nikimwuliza katikati pana nini, anasema kurasa zimegandana kwa unyevu wa bahari, na hauskipa amemkataza kuzibandua. Nikaona sawa. Vitabu vyetu vya shule navyo viligandana.

Lakini kulikuwa na picha mbili ambazo yule mwalimu aliyeondoka alizitilia nyota kwenye notsi, akaandika pembeni kwamba hazikosi kutoka. Moja ni mwanamke aliyesimama juu ya kombe la baharini. Nyingine ni sanamu ya kijana wa marumaru mwenye teo la kurushia mawe begani. Madoa yake yalikuwa meusi kuliko yote. Maelezo yalisema tu kwamba wasanii wa wakati ule walirudia kuutukuza mwili wa binadamu kama ulivyo. Mwalimu wa kilimo, nilipomwuliza kama ulivyo vipi, alisema labda ni afya nzuri.

"Shangazi, yule wa kombe hujamwona?"

Alifumbua macho. "Wa kombe?"

"Ndiye. Na kijana wa jiwe. Hao lazima watoke."

"Nimewaona."

"Basi niambie."

"Nimechoka leo. Kesho."

Kesho yake akasema kichwa chamuuma. Kesho kutwa akasema kabati lilifungwa na ufunguo umekwenda na hauskipa Mombasa. Mimi nikakasirika. Naikumbuka hasira ile na naionea haya. Nilimwambia kwamba nisipowajua hao wawili kazi yote ya miezi mitatu ni bure, nirudi zangu Mkongani leo nisingoje matokeo. Nilimwambia hivyo mtu mzima, miguu yake imevimba ndani ya beseni.

Kisha akaanza, lakini safari hii hakufumba macho, alikuwa akitazama njiani.

"Ametoka baharini. Kombe ni kubwa, limefunguka kama sahani. Upande huu pana watu wanaruka hewani, wanapuliza upepo. Yeye ana nywele ndefu, rangi ya asali, mpaka huku..." Akaishia hapo.

"Amevaa nini?"

"We! Amevaa nini tena? Amejifunga leso. Nyekundu ya kupauka, ina maua madogo madogo. Yuko mwenziwe kandoni, ndiye aliyemletea."

"Imefungwa wapi?"

"Hapa." Akaonyesha juu ya kifua. "Mpaka miguuni. Andika."

Niliandika, lakini kalamu ikasita. "Mbona notsi zasema mwili unaonekana kama ulivyo?"

"Mwanangu, mtu katoka baharini, leso imelowa. Leso ikilowa haimshiki mtu? Si ndiyo mwili unaonekana hapo?"

Nikaona, ala, hayo ndiyo maelezo! Mwalimu gani angeniambia hivyo? Nikaandika na kupiga mstari chini yake.

"Na kijana wa jiwe?"

"Kikoi," alisema upesi. "Kikoi cheupe, cha jiwe lile lile. Kimefungwa kiunoni vizuri, na teo kalitupa begani. Basi, yatosha." Akainuka ghafla, maji ya beseni yakamwagika kibarazani, akaingia ndani kuswali ilhali magharibi bado haijaadhiniwa.

Mwezi wa kumi na moja ulikuja na joto la kuunguza. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikikaa nalala, nikisimama nayumba. Shangazi naye alichoka, msimu wa wageni ulikuwa umeanza na rumu zilikuwa kumi na nane. Asubuhi ya mtihani wa historia aliniombea dua mlangoni, akanishika kichwa kwa mikono iliyonuka dawa ya choo, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Swali likatoka. Lilitoka kama lilivyoagizwa: eleza jinsi wasanii wa kipindi kile walivyouonyesha mwili wa binadamu, kwa mifano miwili. Lilikuwa swali lenye alama nyingi kuliko yote. Nilijikuta natabasamu mbele ya msimamizi. Nikaandika ukurasa mzima na nusu. Mtihani ni wa Kiingereza, nikahangaika mno na Kiingereza cha leso, lakini nikafika. Nikaeleza maua yake, jinsi ilivyolowa, jinsi ilivyofungwa juu ya kifua na kuufuata mwili mpaka miguuni. Nikaeleza kikoi cha marumaru na mikunjo yake, nikasema hapo ndipo penye ufundi wa mchongaji. Nilikuwa na uhakika kwamba hakuna mtahiniwa mwingine nchini aliyeandika mambo hayo. Katika hilo sikukosea.

Jioni shangazi aliniuliza, "Vipi?" Nikamwambia alhamdulillahi, nikaenda kulala. Nilitaka nimwambie matokeo yakija, nimwambie swali kubwa ulilijibu wewe. Niliiweka habari hiyo iwe zawadi.

Mwezi wa kwanza, Ijumaa moja, shangazi alikuja na kitabu. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti, na karatasi ya getini juu yake, ina muhuri. Alikiweka mkekani mbele yangu, akasema maji yanachemka jikoni, akaondoka. Jikoni hapakuwa na moto, nililijua hilo baadaye.

Nilikifungua kwa pupa. Nikamwona mwanamke wa maziwa, nikaliona tundu la msumari pale pale lilipokuwa. Nikaiona mikunjo ya kitambaa cha meza. Alikuwa amesema kweli, kila kitu. Nikageuza kurasa, hakuna hata mbili zilizogandana. Kisha nikafika kwenye kombe.

Hana kitu mwilini. Amesimama vile alivyozaliwa, mkono mmoja kifuani, mwingine ameshika nywele zake kujisitiri. Na kweli yuko mwenziwe kandoni, na kweli nguo nyekundu ya kupauka ipo, ina maua, mwenziwe ameinyoosha anamletea. Haijamfikia. Shangazi ndiye aliyeimalizia safari, akamfunga. Kurasa chache mbele nilimkuta kijana wa marumaru na teo lake, na huyo hakuletewa nguo na mtu yeyote.

Nikakumbuka ukurasa wangu na nusu, neno kwa neno.

"Nilimvisha mimi."

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ncha ya leso yake mdomoni. "Ningekwambiaje? Mtoto wa kaka yangu, umekaa pale na kalamu, waniuliza amevaa nini. Nilijaribu, mwanangu. Siku tatu nilijaribu. Ulimi ulikataa."

Nilikuwa na hasira, nisidanganye. Nilikuwa na hasira nyingi, na haikuwa na pa kwenda.

"Uliandika hivyo?" akauliza. "Kwenye mtihani?"

Nikamtazama. Alikuwa hajavua yunifomu. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, na uso wake wote ulikuwa unangoja.

"Swali hilo halikutoka, shangazi."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Alikaa chini pale pale mlangoni, akasema alhamdulillahi mara tatu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikacheka naye.

Matokeo yalikuja miezi ikisonga. Sanaa nilipata B ya kutoa. Nilikwenda Mombasa na karatasi yangu, nikasimama foleni, karani akaitazama, akasema wao wanataka B kamili na walioipata wamejaa. Nikapanda feri kurudi ng'ambo, nikafika Ukunda alasiri, nikamkuta shangazi kibarazani ameketi bila beseni.

Nikampa karatasi. Aliisoma ile herufi moja na kijistari chake, akaishikilia muda mrefu.

"Lilitoka," alisema.

Hakuuliza. Nikafungua mdomo.

"Usiape tena," akasema, akanirudishia karatasi.

Wiki ile nikarudi Mkongani. Baba hakunisema, alinionyesha tu mahali pa kuanzia kulima. Shangazi aliendelea na rumu zake miaka mingi, na nilipokuwa nikienda kumsalimu tulikaa kibarazani tukizungumza vizuri, hatukugombana hata siku moja. Lakini hakunisimulia kitu tena kama zamani. Awe ametoka harusini au msibani, jambo amelishuhudia kwa macho yake mawili, atalisema nusu, kisha atasita na kuniambia hivyo ndivyo alivyoona yeye, niende nikaulize na wengine. Sijawahi kwenda kuuliza.